Mia Tano na Mia na Tano

Chamwino, Dodoma

Ndugu yangu mpendwa,

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye foleni ya maji, nikacheka peke yangu mpaka wenye ndoo wakanigeukia. Eti nimekuwa mwalimu wa michezo! Nani kakufikishia maneno hayo huko Morogoro? Haya, kaa chini nikueleze mwenyewe, kabla hayajaongezwa chumvi.

Yalianza na imla ya namba, darasa la pili. Nikatamka, "Mia mbili na saba." Nikapita kati ya madawati. Huyu kaandika 207, yule 27, safu nzima ya dirishani 2007. Na mtoto mmoja mpole, mwandiko wake kama wa karani, kaandika 10027. Wino mwekundu ulikwisha gusa daftari ndipo nikamwuliza kaipataje. Akanionyesha kwa kidole: "Hii mia, hii mbili, hii saba. Si ndivyo ulivyosema, mwalimu?"

Nilikosa la kujibu. Huyu ndiye aliyenisikiliza kuliko wote.

Hebu itazame lugha yetu. "Mia tano" ni 500, "mia na tano" ni 105. Ka-"na" kadogo kamebeba tofauti ya 395. Tamka "elfu kumi na tano", mmoja ataandika 15,000, mwingine 10,005, na sijui utamwambia nani kakosea. Mtoto huyohuyo Jumamosi anakwenda mnadani na baba yake, anasikia beberu ni "laki na ishirini", na baba anahesabu 120,000 bila kuuliza. Elfu imemezwa na hakuna aliyeitafuta! Kumi na moja angalau inajieleza, kumi na kingine kimoja. Lakini ishirini na thelathini tumezipokea kwa Kiarabu zikiwa zimefungwa. Mtoto haoni humo makumi mawili wala makumi matatu. Nami miaka yote nilikuwa nawaimbisha "mamoja, makumi, mamia", wanaimba vizuri kama kwaya, nikidhani wameelewa.

Basi nikaanzia kwenye mbegu za ubuyu. Huku kwetu mbuyu hauhitaji bajeti. Nilileta ubuyu wenyewe, wakamung'unya siku mbili, nikabaki na ndoo ya mbegu na darasa lenye furaha. Mbegu kumi zinafungwa kwenye kipande cha khanga kuukuu, vifurushi kumi vinaingia kopo moja. Mamoja yana chumba chake, makumi chake, mamia chake, na sheria ni moja tu: chumba cha mamoja hakilazi zaidi ya mbegu tisa. Ikifika ya kumi, zote zinafungwa na kuhamia chumba cha pili. Siku ya kwanza walifunga na kufungua mpaka vidole vikauma. Usiiruke hatua hii ukaharakia mchezo, maana asiyefunga kumi kwa mikono yake atacheza tu kwa kubahatisha.

Mchezo wenyewe tunauchezea nje, chini ya mti. Kila kundi linachora vyumba vitatu mchangani. Mimi nina kadi za 0 hadi 9, nilizokata kwenye maboksi ya sabuni. Nachomoa moja, naionyesha, nairudisha. Kundi linaiandika kwenye chumba kimoja kabla sijachomoa nyingine, na kilichoandikwa hakifutwi. Baada ya kadi tatu, mwenye namba kubwa kashinda.

Ikitoka 9, hakuna ubishi. Ikitoka 5, hapo ndipo ugomvi unapoanza! Waiweke kwenye mamia, au wangoje kubwa zaidi? Kundi moja liliweka 5 kwenye mamia, ikafuata 8, nikasikia binti analalamika, "Tumemlaza mgeni mdogo chumba cha baba!" Sentensi hiyo sikumfundisha mimi.

Ubaya wake ni bahati. Kundi linaweza kufikiri vizuri likashindwa, na wangu wakishindwa wananuna hadi saa ya uji. Kwa hiyo nimeongeza swali: tarakimu zilizotoka ni 2, 5 na 8, ni namba ipi kubwa kuliko zote mngeweza kupanga? 852. Na ndogo? 258. Nayo ina pointi zake, na hapo bahati haina kazi.

Siku niliyogeuza, mshindi awe mwenye namba ndogo, wajanja wakaweka 0 kwenye mamia. 047! Je, hiyo ni namba ya vyumba vitatu? Walibishana mpaka kengele. Kesho yake tukakubaliana kwamba chumba cha mbele hakikai sifuri. "Sasa kwenye 207 inafanya nini?" nikauliza. Yule wa 10027 akanyoosha mkono: "Makumi wamesafiri, mwalimu. Sifuri kabaki mlinzi." Nilitoka nje kidogo nikajifanya natafuta chaki.

Kupanga namba tunatumia kamba ya katani kati ya miti miwili. Kila mtoto anabana kadi yake mahali pake, kimya kimya, ndogo kushoto. Nawapa zinazofanana makusudi: 35, 53, 305, 350, 503, 530. Bado wapo wanaoitanguliza 102 mbele ya 98 kwa sababu "tisa ni kubwa". Hao nawarudisha kwenye mbegu. Tatizo letu ni upepo. Unaujua upepo wa Dodoma, ukivuma hesabu yote imekwenda kwa jirani.

Kwa hiyo ukija likizo na treni ya umeme, nibebee vibanio vya nguo, vile vya mbao. Muuzaji atakuhesabia kwa dazeni. Mimi niletee makumi sita, na ukifika watavifunga wenyewe.

Nisalimie shemeji na watoto.

Wako,
Mwalimu wa la pili