Athumani, hiyo tivii irudishe

Hamburg, Jumapili usiku

Mwamuzi wangu Athumani,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila baridi inatutafuna. Shemeji hajambo? Najua nimekaa kimya tangu Idi, utanigombeza baadaye, kwanza tuongee hili.

Ile picha ya sebule yako nilianza kwa kuicheka. Tivii pana kuliko mlango, mliipitisha wapi? Halafu nikasoma ulichoandika chini: zawadi ya bosi wa mikeka ya kubeti. Kicheko kikakata. Bosi gani wa mikeka anampa refa wa ndondo, mechi za mtaani, tivii bure?

Bohari ninakofanya kazi yupo mzee mmoja, shabiki wa timu ya Hamburg damu damu. Ukimtajia Paderborn anasukuma kikombe cha chai pembeni. Tarehe 21 Agosti 2004, Kombe la Ujerumani: Hamburg wanaongoza 2–0, Paderborn ni timu ya daraja la chini tu. Refa ni Robert Hoyzer, kijana hajafikisha hata 25. Akamlima Mpenza, mchezaji wa Hamburg, kadi nyekundu kwa kubishana naye, akawapa Paderborn penalti mbili, wakamaliza 4–2. Watu wakasema refa mbovu, basi. Kocha wa Hamburg hakuiona Novemba akiwa kazini.

Kumbe Hoyzer alishawekwa mfukoni na Ante Sapina, mcheza kamari wa Berlin. Wakikutana Café King, kunywa na kupanga. Mambo yalipofumuka Januari 2005 akakana, siku chache tu akatapika yote. Kifungo miaka miwili na miezi mitano, na filimbi haigusi tena maisha. Malipo yake? Euro 67,000 hivi, na tivii. Plasma! Mzee aliponitajia hiyo tivii nilicheka peke yangu, akaniona mwehu. Ndiyo maana picha yako ilinikata maini.

Sisemi umeuza mechi. Wewe ndiye uliyekataa soda ya Kombo mbele ya kijiwe kizima, tukakuita Shehe wa Makorora mwaka mzima. Lakini huyo bwana hatakuomba kitu leo. Atakusalimia tu, "vipi, inaonyesha vizuri?" Mpaka ije nusu fainali, mkeka wake umebakiza timu moja, na wewe ndiye mwenye filimbi… Utamjibu nini, nawe jana yake umeangalia mpira kwenye tivii yake?

Au mimi ndiye nazidisha? Nambie basi: aliileta lini? Kombo anajua? Shemeji alisema nini ilipoingia, maana yule hajawahi kupenda vya bure? Nusu fainali mwaka huu umepangiwa wewe? Na bajaji kutoka kwako mpaka kwake ni shilingi ngapi? Nitatuma nauli kesho asubuhi. Ila usiirudishe usiku. Ipakie mchana, kijiwe kikiwa kimejaa.

Wako,
Salimu