Ukija Ureno, anzia Lagos

Lagos, Algarve, Ureno

Somo yangu mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na wote nyumbani, na kwamba mama amepata nafuu ya goti lake. Mimi sijambo. Ni siku ya tisa leo tangu nianze kutembea vijiji na ngome za mkoa huu wa Algarve, kusini mwa Ureno, na nimekumbuka kwamba uliniuliza kama safari hii inastahili akiba yako ya mwaka mzima, na kama inastahili, uanzie wapi. Inastahili. Nakuomba uanzie papa hapa Lagos, kabla hujatia mguu ufukweni.

Utakapofika hutajiona mgeni kabisa. Hilo jina Algarve lenyewe ni al-Gharb ya Waarabu, yaani magharibi, neno lile lile tunalolitumia sisi kila siku, kwa kuwa Waislamu waliitawala nchi hii kwa zaidi ya miaka 500 mpaka walipoondolewa mwaka 1249. Mji wa Albufeira umepewa jina kutokana na al-buhayra, ambalo ni ndugu wa neno letu bahari, na kule Silves ingali imesimama ngome yao ya mawe mekundu, na ndani yake birika kubwa la kuhifadhia maji. Asubuhi ya kwanza bibi mwenye nyumba niliyopanga aliniona nimejitanda leso yangu, akaishika pindo kwa vidole viwili, akasema “lenço”. Nilimwambia kwa ishara kwamba ndiyo, ni lilo hilo. Halafu nikagonga meza, naye akasema “mesa”. Nikamwonyesha bendera iliyokuwa dirishani kwa jirani, akasema “bandeira”. Tulicheka sana. Baadaye, nilipokuwa peke yangu, nilifikiri jinsi maneno hayo yalivyotufikia, na gereza likiwa miongoni mwake, nalo kwao ni igreja, yaani kanisa.

Sagres nilikwenda kwa basi siku iliyofuata. Wewe na mimi tumekua chini ya kuta za Ngomeni, kwa hiyo nilitarajia kuona kitu kama hiyo Fort Jesus yetu ya Mombasa, chenye minara na pembe kila upande. Sivyo kabisa. Ngome ya Sagres ni ukuta mmoja mrefu uliokata shingo ya rasi, ukitazama bara. Pande nyingine zote walimwachia Mungu, kwa maana majabali yamekwenda chini wima mpaka baharini na hapana chombo kinachoweza kupandisha watu pale. Francis Drake, nahodha wa Kiingereza, aliivamia mwaka 1587, na tetemeko kubwa la mwaka 1755 likabomoa mengi, hivyo sehemu kubwa ya unachokiona sasa ni cha baadaye. Ndani mna kanisa dogo jeupe, na duara kubwa la mawe lililopangwa chini kama miale ya jua, ambalo watu hulieleza kuwa ni dira ya pepo. Utaambiwa pia kwamba Mwanamfalme Henrique wa Ureno, aliyekuwa akituma meli pwani za Afrika na akafariki hapo mwaka 1460, alikuwa na chuo cha mabaharia. Usilishike sana hilo; wanahistoria hawakuona ushahidi wa chuo chochote. Upepo lakini ni wa kweli. Ulinivuma hata nikashindwa kusimama ukingoni, ilhali wazee wa hapo wamekaa juu ya jabali na mishipi yao mirefu, wametulia kama wako barazani.

Katika vijiji nilivyopita, Salema ndicho kilichonikaa moyoni. Ni nyumba nyeupe zilizoshuka mpaka mchangani na mashua chache zilizopakwa rangi, na kando ya ukuta nilikuta vyungu vya udongo vimefungwa kwa kamba, kila kimoja kikubwa kiasi cha kichwa cha mtoto, vimeota chaza na magamba ya baharini. Ni mitego ya pweza. Havitiwi chambo. Huteremshwa chini baharini vikiwa vimefuatana katika kamba moja, na pweza, kwa kuwa hupenda tundu la kujificha, huingia mwenyewe akidhani amepata nyumba, na kamba ikivutwa hatoki. Niliwakumbuka kina mama wa kwetu wakitoka na fimbo kwenye miamba wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Pweza wao wanamchoma na kumtia mafuta ya zeituni. Ni mtamu, ingawa mimi bado nataka wangu wa nazi.

Sasa nije kwenye Lagos. Tarehe 8 Agosti 1444, watu 235 waliotekwa katika pwani ya Mauritania ya leo waliteremshwa hapa na kugawanywa nje ya lango la mji. Gomes Eanes de Zurara, aliyeandika habari za wafalme, ameeleza kwamba kina mama walijilaza kifudifudi juu ya watoto wao wakipokea mapigo ili wasitenganishwe. Henrique alikuwapo, amepanda farasi, akapokea fungu lake, moja katika tano: watu 46. Leo sanamu yake imeketi katika uwanja wa mji, na hatua chache tu kutoka hapo lipo jengo la 1691 linaloitwa Soko la Watumwa, ambalo sasa ni makumbusho.

Ndani ya makumbusho hayo ndimo nilimojua habari ya mwaka 2009. Walipokuwa wakichimba ili wajenge maegesho ya magari chini ya ardhi, nje kidogo ya kuta za kale, walifukua mifupa ya Waafrika 158, wanaume, wanawake na watoto, waliotupwa jaani pamoja na takataka za mji. Baadhi yao walionekana kuwa walifungwa. Maegesho yalijengwa. Nilitembea mpaka hapo, nikasimama juu ya saruji, nikawasomea Fatiha kwa kuwa sikuwa na jingine la kuwapa, wala sikuwajua dini yao. Somo, nilitaka kuona kibao kikubwa, nilitaka kuona majina ya pwani walikotoka. Wewe unasomesha historia. Naomba ulione pahali hapo kwa macho yako kabla hujaurudia ule mwaka wa 1498 mbele ya wanafunzi, kwa maana meli za Vasco da Gama zilipofika kwetu Mombasa mwaka huo, kazi hii ya kuteka na kugawana watu ilikwisha kuwa na miaka zaidi ya 50.

Baada ya hapo fukwe zote ni zako. Dona Ana ina majabali ya rangi ya asali, na Meia Praia ni mchanga wa takriban kilomita nne. Maji ni baridi, usiyafikirie ya Nyali. Njoo na koti la upepo kwa ajili ya Sagres, na leso mbili, moja umpe bibi yangu.

Nami nina ombi. Ukipata nafasi wiki hii, nenda Ngomeni ukaitazame ile michoro ya meli iliyochorwa ukutani na Wareno. Tulipokuwa wadogo tulipita mbele yake mbio. Itazame vizuri, kisha niandikie umeona nini.

Ni mimi, somo yako.