Kilabu cha Ng'ambo kisiuzwe haraka haraka

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumzie kilabu cha pombe cha mtaani kwetu, kata ya Ng'ambo, Manispaa ya Tabora, ambacho kinauzwa. Mwenyewe ameshafariki, warithi wanataka kugawana, na mnunuzi aliyejitokeza anakusudia kuvunja mabanda ajenge fremu za maduka. Warithi wana haki ya kuuza mali yao. Kinachotutia hofu ni haraka iliyopo.

Tunaambiwa wapika pombe watapata pengine pa kuuzia. Anayesema hivyo haijui wanzuki, pombe inayouzwa pale. Ni asali, maji ya uvuguvugu na hamira, na ikishaiva haingoji mtu: ikikaa siku mbili tatu inachacha na mteja anaikataa. Mama mwenye pipa zima anahitaji wateja wengi, mahali pamoja, siku hiyohiyo. Ndiyo maana pale kilabuni kuna zamu, leo anauza huyu, kesho yule, ili mapipa yasiive kwa mpigo. Kila mmoja akirudi kuuzia uani kwake, zamu inakufa, pombe inamwagwa, na fedha ya asali na kuni inamwagika nayo. Hapo ndipo wengine watashawishika kupika gongo, maana gongo haichachi, ingawa sheria imeipiga marufuku. Bwana afya naye, ambaye sasa anakagua maji, choo na vyombo mahali pamoja, atazunguka nyua ngapi?

Kuhusu mauzo yenyewe, kikao cha ukoo hupendekeza tu msimamizi wa mirathi. Muhtasari wake haumpi mtu mamlaka ya kuuza. Mamlaka hayo hutoka mahakamani, na kwa Mahakama ya Mwanzo ni Fomu Na. 4, ya kumteua msimamizi, kisha ndani ya miezi minne msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali, Fomu Na. 5. Kiwanja kikiuzwa kwa muhtasari peke yake, mrithi mmoja asiyeridhika anaweza kwenda kuyapinga mauzo, na mnunuzi akabaki kuidai familia fedha iliyokwisha kugawanywa. Hili linamhusu mnunuzi kuliko anavyodhani.

Karatasi iliyogongwa muhuri na mwenyekiti wa mtaa nayo haihamishi kiwanja chenye hati. Zinatakiwa Fomu za Ardhi Na. 29, 30 na 35, za kuarifu, kuomba kibali na kuhamisha miliki, kodi ya ongezeko la mtaji ilipwe Mamlaka ya Mapato (TRA) pamoja na ushuru wa stempu, ndipo uhamisho usajiliwe kwa Msajili wa Hati. Na kubadili matumizi ya kiwanja kunahitaji kibali cha halmashauri chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Tunaiomba Manispaa isiruhusu hata tofali moja kabla ya kibali hicho, na iwasikilize majirani kwanza.

Wapangaji wa mabanda wengi wana makubaliano ya mdomo. Wayaandike sasa, msimamizi atie saini, na risiti za kodi zitunzwe. Bila hivyo mmiliki mpya atasema hakuwakuta.

Familia tunaiomba jambo moja. Kabla ya kupokea malipo ya awali kutoka nje, iwape wapangaji na wakazi miezi mitatu ya kuchangishana, kwa bei ileile iliyotajwa, baada ya mthamini aliyesajiliwa kuithibitisha. Malipo kwa awamu yatasaidia sana. Tukifanikiwa, hati iandikwe kwa jina la chama cha ushirika au kampuni iliyosajiliwa, isiandikwe kwa jina la kiongozi wetu yeyote hata awe mwaminifu namna gani, kwa sababu siku akifariki kilabu kitaingia kwenye mirathi yake, na wanawe watakuwa na haki ya kukidai.

Wakazi na wapangaji wa kilabu,
Ng'ambo, Tabora