Mdogo wangu, jamaa anachana mwenyewe

New York

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Mimi huku ni mzima wa afya, masomo yanakwenda, baridi nimeanza kuizoea. Wasiwasi ni kwenu tu. Mfikishie mama shikamoo yangu, na mwambie sauti imerudi. Aliponisikia kwenye simu nimepwelewa alidhani naumwa kifua. Siumwi. Nilikwenda kwenye shoo.

Ndiyo, ya jamaa wetu, yule rapa. Jina silitaji kwa sababu najua barua hii utamsomea mama kwa sauti, na yeye anamjua kama "yule wa kelele". Tumwache hivyohivyo.

Madhumuni hasa ya kuandika ni kulimaliza lile bishano letu. Siku zote umeshikilia kwamba marapa jukwaani hawachani, yaani hawaimbi rap wenyewe, wanachezesha midomo tu huku muziki uliorekodiwa unajiendea. Mimi nilikuwa nabisha kwa sababu nampenda, basi. Sasa nimesimama mbele yake, nimeona kwa macho yangu. Una haki nusu, tena ile nusu nyepesi.

Mambo ya foleni na kupekuliwa mifuko nayaruka. Tiketi iliandika saa mbili usiku, jamaa akapanda saa nne na ushei. Hapo kati tukapewa DJ na wasanii wawili wa kuchangamsha ukumbi. Yule wa kwanza ungempenda sana, maana angekupa ushindi usiku uleule. Alipofika kwenye kiitikio akatunyooshea maiki tuitikie. Ukumbi kimya, wimbo wenyewe hatuujui. Lakini sauti yake ikaendelea kutoka kwenye spika, safi, na pumzi zake zote, wakati maiki iko mbali kabisa na mdomo wake! Watu wakaangua kicheko. Naye, nampa heshima yake, akacheka pia, akaendelea kurukaruka mpaka muda wake ukaisha.

Wa pili alikuwa msichana mdogo tu, yeye na DJ wake. Hakuwa na sauti yoyote nyuma yake. Kufika wimbo wa tatu pumzi zilianza kumkatika, mistari mirefu akawa anaikatisha njiani, anameza neno moja moja. Bado ukumbi ulimshangilia kuliko yule wa kwanza. Hapo nikaanza kuelewa watu wanakuja kutafuta nini. Wimbo safi wanao kwenye simu zao.

Sasa jamaa wetu. Ngoja nikueleze inavyofanywa, kwa sababu nilisimama karibu na meza ya fundi sauti, katikati ya ukumbi, nikaona mengi. (Siku ukienda shoo, simama hapo. Mbele kabisa ni kwa wanaotaka kumshika mkono. Sauti inapangwa kulingana na masikio ya yule fundi, kwa hiyo anachosikia yeye ndicho kilicho bora.) Studio mara nyingi mtu harekodi ubeti kwa mkupuo mmoja. Anarekodi vipande, halafu anarudia kurekodi miisho ya mistari juu ya ile ya kwanza ili ipate uzito, halafu kiitikio anakipanga tabaka kwa tabaka. Ukitaka vyote hivyo visikike jukwaani lazima uwe na watu watano wenye sauti yako. Kwa hiyo wanatengeneza toleo la shoo: kiitikio na zile sauti za nyuma zinabaki, zinatoka kwenye kompyuta ya DJ, ila beti zinaondolewa. Penye ubeti pana biti tupu, mdundo bila maneno. Hapo hakuna wa kumwokoa, anasimama na mapafu yake.

Nusu yako ni hiyo ya kiitikio. Beti ni zake, nami nazitetea.

Kwanza pumzi. Ule wimbo wa pili kwenye albamu, ambao tulikuwa tunajaribu kuuchana wote wawili mpaka tunaishiwa na kucheka, unajua pale ubeti wa tatu ambapo hakuna nafasi ya kuvuta hewa? Nilikuwa napasubiri. Alisimama. Mtu aliyekuwa anazunguka jukwaa zima tangu mwanzo akatulia, akapanua miguu, akainamisha kichwa, na kabla ya mstari nikasikia akivuta hewa kwenye maiki, ile sauti ya "hhhh" ambayo studio huwa wanaifuta. Kisha akaumwaga wote. Katikati yule mwenzake wa pembeni akamdakia neno la mwisho la mstari, na la mstari uliofuata.

Huyo wa pembeni nilikuwa namdharau. Nilidhani kazi yake ni kupiga kelele na kupunga taulo. Mtazame vizuri siku nyingine: mwenye wimbo anatamka maneno manne, la tano analitupa mwenzake, na katika ule ufa mdogo ndimo mwenye wimbo anamovutia hewa. Maneno ya kudaka hayachukuliwi ovyo, yamepangwa kufuata mapafu. Flavor Flav wa Public Enemy, lile kundi la rap la Marekani, tulimjua kwa lile saa lake kubwa la shingoni, lakini siku hizi nikitazama video zao za zamani namfuatilia anamdakia wapi mwenzake Chuck D.

Halafu akakosea. Nashukuru alikosea. Wimbo wa zamani, ubeti wa kwanza kabisa, ule ambao hata mama anaujua kwa sababu ulikuwa unaurudia ukiosha vyombo. Akaingia mstari wa nne badala ya wa tatu, akajishtukia, akanyamaza. Biti ikaendelea tupu kwa sekunde kadhaa. Ukumbi mzima ukamchania ule mstari wa tatu, kwa lafudhi za kila aina, Wakorea, Wadominika, wazee wa kofia waliokuja na watoto wao, mimi na Kiingereza changu cha kujifunzia kwenye nyimbo zake. Akatusikiliza huku anatikisa kichwa, akadandia mstari wa nne kama vile hakikutokea kitu. Sasa niambie, muziki uliorekodiwa husahau?

Mwisho DJ akakata biti. Akabaki yeye na maiki. Alichana ubeti mzima mkavu, taratibu kuliko kwenye rekodi, na vina ambavyo huwa vinafunikwa na ngoma vikasikika kimoja kimoja. Kuna kina cha ndani, katikati ya mstari, ambacho sijawahi kukisikia miaka yote hiyo. Sikwambii ni kipi. Rudia kusikiliza.

Kitu kimoja kilinikera: anakamata maiki kwa kuikumbatia kichwani, kiganja chote kimefunika wavu. Kwenye picha inapendeza. Lakini maiki za jukwaani zimetengenezwa kusikia upande wa mbele tu, na matundu ya nyuma ya ule wavu ndiyo yanayozisaidia kukataa sauti za pande nyingine. Ukiyaziba, inaanza kusikia kila upande, pamoja na spika, na spika inarudisha ilichosikia, na ndipo unapopata ule mluzi wa kutoboa kichwa. Kila ulipoanza, yule fundi alipandisha mikono hewani, kisha anashuka tena kwenye vitufe vyake. Maneno mawili matatu ya kila mstari yakawa yanapotea. Usiige.

Mama aliuliza kuhusu masikio. Mwambie nilivaa vizibo, vile vya sponji, na hakuna aliyenicheka. Nusu ya wafanyakazi wa ukumbi walikuwa navyo. Wataalamu wa afya kazini wa huku wanahesabu kwamba desibeli 85 (ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti) mtu anaweza kuzivumilia kwa muda wa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo zikifika 100 zimebaki dakika 15 tu. Shoo ni zaidi ya saa moja, na 100 zinafikiwa bila shida. Lakini vizibo havizuii besi yote. Ile ngoma nzito ya Roland TR-808, mashine ya kutengenezea midundo ya mwaka 1980, haipitii masikioni peke yake. Inapita miguuni kutoka sakafuni, inafika kifuani, na nguo inakutikisika mwilini. Kwenye simu ile ngoma haipo, mdogo wangu. Tulikuwa tunasikia kivuli chake tu.

Na hapo ndipo nikaelewa wale viziwi.

Kando ya jukwaa, upande wa kushoto, palikuwa na kijukwaa kidogo chenye taa yake, na mama mmoja mwenye nguo nyeusi amesimama. Ni mkalimani wa lugha ya alama. Marekani ina sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, na kwa sheria hiyo shabiki kiziwi akiomba mapema, waandaaji wanapaswa kumwekea mkalimani. Nilitegemea mikono ya taarifa ya habari. Wapi! Alikuwa anacheza biti kwa mabega na magoti huku mikono inachana, na penye vina mikono ilirudia umbo lilelile ili vina vionekane kwa macho. Nilisoma baadaye kwamba wakalimani wa namna hii hukaa na mashairi siku nyingi kabla ya shoo, maana huwezi kutafsiri mafumbo papo kwa papo kwa kasi ile. Mbele yake walikuwa vijana kama sita, mmoja amekumbatia puto kifuani ili mitetemo ya besi aipate vizuri zaidi. Jamaa alipokosea ule mstari, mkalimani naye alisimamisha mikono, akatuonyesha sisi kwa kidole, na wale vijana wakauchana wenyewe kwa mikono yao pamoja na ukumbi. Nilimwacha jamaa wetu, nikawa nawaangalia wao mpaka wimbo ukaisha.

DJ nisimsahau. Nyimbo anazo kwenye kompyuta, lakini pembeni aliweka santuri mbili, na palipofika zamu yake akazikwaruza mpaka mikono haionekani vizuri. Mwambie mama kitu cha kumfurahisha: Grand Wizzard Theodore, anayesifiwa kwa kuanzisha ukwaruzaji ule, mwenyewe husimulia kwamba alikuwa mtoto tu, anapiga muziki chumbani kwa sauti kubwa, mama yake akafungua mlango kumgombeza. Akaizuia santuri kwa mkono ili amsikilize mama, akawa anaisogeza mbele na nyuma, na sauti iliyotoka akaipenda. Kwa hiyo mama akikugombeza kuhusu kelele, jua kuna kitu kinaweza kutoka.

Wiki iliyofuata nikapanda treni kwenda Bronx, humuhumu New York, kuiona nyumba ambako husemwa mambo haya yote yalianzia, namba 1520 Sedgwick Avenue. Ni jengo refu la fleti, la matofali, barabara kuu ya magari inapita kando, hakuna cha ajabu cha kupiga picha. Tarehe 11 Agosti 1973, Cindy Campbell alifanya sherehe kwenye chumba cha burudani cha jengo lile apate hela ya nguo za shule. Wasichana senti 25, wavulana 50. Muziki akapiga kaka yake, Clive, ambaye watu walimwita Kool Herc; alikuwa amehamia kutoka Jamaica akiwa na miaka 12. Aligundua kwamba wacheza dansi wanasubiri kile kipande cha ngoma tupu katikati ya wimbo, kwa hiyo akawa anachukua nakala mbili za santuri moja, anakirefusha kwa kuruka kutoka hii kwenda ile. Rafiki yake Coke La Rock akashika maiki akawa anataja majina ya washikaji waliokuwa pale. Hakukuwa na rekodi ya kufuatisha. Ile santuri ya rap iliyouza sana ya kwanza, ya kundi la Sugarhill Gang, ilitoka 1979. Miaka sita nzima kitu hiki kilikuwa ni cha ana kwa ana, ukikikosa umekikosa. Ndiyo maana bishano letu limeanza kuniudhi kidogo: rekodi ndiyo iliyokuja nyuma, sisi tunaipimia jukwaa.

Mama anauliza pia kama watu hawakupigana. Hawakupigana. Mbele vijana walifungua duara, biti ikaanguka, wakaingia kwa mabega. Ukiwatazama kwa mbali utasema ni vita. Lakini mmoja alipoanguka, waliokuwa karibu walimzunguka na kumnyanyua kabla hajakanyagwa, mwingine akawa amenyoosha juu kiatu kimoja anatafuta mwenyewe. Jamaa mwenyewe alisimamisha wimbo mara moja alipoona msichana amezidiwa na joto, akaagiza maji yapelekwe, akangoja mpaka akaonyeshwa dole gumba. Mimi nilikaa nyuma kwa fundi wangu. Mwambie hivyo, na ni kweli.

Fulana uliyoniagiza nimeipata, ila saizi yako iliisha, nimechukua kubwa zaidi. Utakua.

Na wewe, ule ubeti uliosema umeumaliza, nirekodie. Usikae. Simama, zunguka chumba, uchane wote mara moja bila kukata na kuunga, na pale unapokosa hewa paache hivyohivyo palivyo. Ukishindwa mistari ya mwisho, mpe mshikaji wako yule wa jirani akudakie maneno. Nitakuambia ukweli, unanijua.

Nisalimie wote nyumbani.

Dada yako