Shamba la Nakuru

Uyole, Mbeya

Ndugu yangu Ambakisye,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila baridi ya mwaka huu haina huruma. Gwakisa amenifikishia nakala ya mkataba wako, nami nakusihi usimalizie malipo kabla hujaisoma barua hii hadi mwisho.

Mkataba unasema unauziwa ekari mbili za viazi "kwa umiliki wa kudumu". Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 65, haimruhusu asiye raia, kama wewe Mtanzania, kumiliki ardhi isipokuwa kwa upangaji usiozidi miaka 99, na hati inayompa zaidi ya hapo huhesabiwa kuwa ya miaka hiyo 99 tu. Hilo peke yake lingevumilika, maana mimi na wewe hatutafika huko. Linalonitia hofu ni kwamba hili ni shamba. Ardhi ya kilimo haiuzwi bila kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na sheria inaitaka bodi ikatae iwapo mnunuzi si raia, isipokuwa Rais ametoa msamaha. Bila kibali hicho mauzo ni batili. Nimeupekua mkataba ukurasa kwa ukurasa: muhuri wa wakili upo, sahihi ya chifu ipo, bodi haikutajwa popote.

Najua utaniambia kuwa sote ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja, ibara ya 15, imeliacha suala la ardhi mikononi mwa sheria za kila nchi. Hata Mkenya akija Rungwe kutafuta shamba la parachichi, Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema asiye raia hagawiwi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji.

Shauri la Mzee Mwakalinga, kwamba uandikishe shamba kwa jina la yule Mkenya mshirika wako wa duka, silipendi hata kidogo. Unamjua mzee kwa njia za mkato. Siku mkikosana, utasimama mahakamani na karatasi gani? Kampuni nayo haitakufaa, kwa kuwa ikiwa na mwenye hisa mmoja tu asiye raia, nayo huhesabiwa si raia. Kama unataka mali huko, heri nyumba ya mjini, ambayo haipiti kwenye bodi hiyo.

Je, umekwisha kulipa kiasi gani, na stakabadhi unazo? Nauliza kwa sababu mauzo yakiwa batili, sheria inakuruhusu kudai fedha zako kama deni. Muuzaji anajua kuwa wewe ni Mtanzania? Na huyo wakili, ni wako au ni wake?

Nduguyo,
Tumaini