Risala ya Klabu ya Jiografia kwa Mgeni Rasmi: Miji Midogo ya Wakulima Inapokimbiwa na Watu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu wetu wapendwa,
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha siku ya leo. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunafahamu kuwa majukumu yako ni mengi, na kuyaweka kando ili kuja kutusikiliza ni heshima kubwa kwetu. Karibu sana.

Mwaka huu klabu yetu ilichagua kusoma jambo moja: kwa nini miji midogo inayotegemea kilimo inazidi kukosa watu katika nchi nyingi, na kwa nini habari za wahamiaji huzua ugomvi mkali katika miji hiyo hiyo.

Tulianza na kijiji cha Nagoro, katika kisiwa cha Shikoku nchini Japani. Zamani kilikuwa na watu wapatao 300. Sasa hawafiki 30. Mwanamke mmoja aliyerudi kumtunza baba yake mzee alitengeneza sanamu ya kutishia ndege shambani, akaifananisha na baba yake. Baada ya hapo hakuacha. Jirani akifariki au akihama, anamshonea mwanasesere wa kimo cha mtu na kumweka pale alipozoea kukaa. Shule ya kijiji ilifungwa mwaka 2012. Leo madawati yake yamekaliwa na wanasesere, na mbele yao amesimama mwalimu wa vitambaa. Picha ile ilituumiza sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukubaliani na wanaosema kuwa vijana huondoka kwa sababu ya uvivu. Chanzo kikubwa ni mashine. Mwaka 1935 Marekani ilikuwa na mashamba takriban milioni 6.8; sensa ya kilimo ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 1.9. Ardhi haikutoweka, bali mashamba yaliunganishwa, na trekta na kombaini zikachukua kazi ya familia nyingi. Familia zikipungua, shule inakosa watoto. Daktari anastaafu na hapatikani wa kushika nafasi yake. Basi linapunguziwa safari. Mzazi mwenye watoto wadogo akiyaona hayo anafunga virago, na kuondoka kwake kunampa jirani sababu ya kuondoka. Wasichana mara nyingi hutangulia, kama ilivyotokea mashariki mwa Ujerumani baada ya nchi kuungana mwaka 1990, ambako wanawake vijana waliondoka kwa wingi kuliko wanaume.

Lakini mboga bado zinahitaji wa kuzivuna, na wazee waliobaki wanahitaji wa kuwauguza. Wanaokuja kufanya kazi hizo mara nyingi ni wageni.

Huko Riace, kusini mwa Italia, mwaka 1998 jahazi lililobeba wakimbizi Wakurdi, jamii ya Mashariki ya Kati, liliwasili ufukweni. Nyumba nyingi za kijiji zilikuwa tupu, kwa kuwa wenyewe walikwisha kuhamia kaskazini na ng'ambo. Domenico Lucano, ambaye baadaye alikuwa meya, aliongoza juhudi za kuzikarabati na kuwapa wakimbizi. Karakana zikafunguliwa na shule ikapata watoto tena. Habari haikuishia hapo. Mwaka 2018 Lucano alikamatwa, mwaka 2021 akahukumiwa zaidi ya miaka 13 jela kwa makosa yaliyohusu uendeshaji wa mpango huo, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikaipunguza adhabu hadi mwaka mmoja na nusu, bila kifungo kutekelezwa. Wapigakura wa Riace walimchagua meya mwingine mwaka 2019, kisha wakamrudisha Lucano mwaka 2024. Ni kijiji kimoja, na bado wenyewe kwa wenyewe hawajaafikiana.

Boston, ule mji wa Uingereza uliozungukwa na mashamba ya mboga, ulipita njia nyingine. Nchi za Ulaya Mashariki zilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004, wafanyakazi wengi walikuja kuvuna na kufungasha mazao. Watu waliongezeka. Hata hivyo, katika kura ya maoni ya mwaka 2016, asilimia 75.6 ya waliopiga kura pale walitaka kujitoa katika Umoja huo, kiwango kilichoshinda maeneo mengine yote ya nchi.

Chuki dhidi ya wageni ipo, na sisi hatuitetei. Lakini wageni wanapofika wengi kwa mkupuo, mwenyeji huona kodi ya nyumba ikipanda, foleni ya hospitali ikirefuka, na mwalimu akipewa watoto wasiojua lugha bila kuongezewa msaidizi. Mwajiri amepata vibarua wa ujira mdogo, na gharama ya huduma ameuachia mji. Hasira ya mwenyeji inamwangukia kibarua, ambaye naye amebanana na wenzake katika chumba kimoja. Hilo tunaliona kuwa dhuluma kwa wote wawili. Kila mji unaoaga vijana wake unatamani wapokewe vizuri huko waendako. Huyu anayeshuka leo na begi lake naye ameagwa na mama.

Wala tusidanganyane kuwa wageni peke yao watauokoa mji. Wakikosa shule na zahanati, nao wataondoka kama walivyoondoka wenyeji.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utufikishie maneno haya kwenye vikao unavyokaa: wanaoajiri wafanyakazi wahamiaji wachangie makazi na masomo ya lugha kabla wafanyakazi hao hawajafika, na shule ndogo isifungwe kwa kuhesabu vichwa tu, bila kuwauliza wazazi iwapo wangebaki ikiendelea kuwapo. Ombi letu la pili ni la klabu yenyewe. Tunahitaji ramani na takwimu za sensa ili mwakani tuwafuatilie wale wanaohama na kurudi, maana juu yao tumepata maandishi machache mno.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.