Mikataba ya biashara isitufungie vitabu

Mhariri,

Nina kibanda cha fotokopi Wandegeya, hatua chache tu kutoka Chuo Kikuu cha Makerere. Mashine mbili, moja huugua kila mvua ikinyesha. Ukurasa ni shilingi 100.

Miongoni mwa wateja wangu yumo kijana wa sheria asiyeona. Huja ameshikwa mkono na mwenzake, na kitabu cha maktaba cha kurudishwa kesho yake. Nakilaza kwenye kioo, naskani sura aliyoagizwa na mwalimu, kisha namrushia kwenye simu, nayo inamsomea. Siku moja kurasa mbili zilitoka zimepinda, akarudi akicheka: “Mzee, simu inasoma kama mlevi.” Tukazirudia bure.

Mwezi uliopita bwana mmoja mwenye tai alinikuta kwenye kazi hiyo, akaniambia mbele ya wateja kwamba naiba, na kwamba mikataba ya kimataifa inakataza. Niliona haya, sikuwa na la kujibu. Aliyenijibia ni yule kijana. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2006, alisema, ina nafasi ya nakala ya mtu kujisomea na ya kazi kugeuzwa breli kwa elimu ya wenye ulemavu. Tena Uganda ilijiunga mwaka 2018 na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, uliotungwa ili wasioona wapate nakala za vitabu kwa namna wanayoweza kuisoma. Bwana akalipia karatasi zake akaondoka.

Sitetei wizi. Mtu akitaka nakala 40 za kitabu kizima akauze, namfukuza. Mwandishi naye ana watoto wa kusomesha. Ila maneno ya yule bwana yalinifanya nimuulize kijana zaidi, na aliyonieleza ndiyo yaliyonikalisha kuandika.

Mji huohuo wa Marrakesh ndiko ulikosainiwa, mwaka 1994, mkataba ulioanzisha Shirika la Biashara Duniani, na ndani yake mkataba wa TRIPS unaohusu hakimiliki. Nchi maskini kama yetu zimepewa muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kubanwa na sehemu kubwa ya masharti yake. Kumbe tuna nafasi ya kupumua! Lakini nafasi hiyo unaweza kuitoa mwenyewe kwa kalamu, kwenye mkataba mwingine. Australia ilipofanya mkataba wa biashara na Marekani, walizungumza nyama ya ng'ombe na mengineyo, na humohumo ulinzi wa kitabu, yaani muda ambao hakinakiliwi ovyo bila ruhusa ya mwenyewe, ukapanda kutoka miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi hadi 70. Kanada nayo ikafuata, mwishoni mwa 2022, baada ya mkataba wake na Marekani na Meksiko. Sisi bado tuko kwenye 50.

Jirani yetu Kenya ilisaini mkataba na Umoja wa Ulaya Desemba 2023, ukaanza kazi Julai 2024. Nchi nyingine za Afrika Mashariki zinaweza kujiunga, na hakimiliki imo katika mambo yaliyoachwa yajadiliwe baadaye. Siku wakubwa wetu watakapokaa mezani kutafutia kahawa na samaki soko, nani atakayekumbuka kioo changu cha skana?

Naomba Wizara ya Biashara itoe rasimu hadharani kabla ya kusaini, kwa Kiswahili na Kiganda pia, tuisome huku chini. Miaka 50 ibaki 50. Na ruhusa ya mwanafunzi na ya asiyeona iandikwe ndani ya mkataba kwa maneno yanayoeleweka, ili mwenye tai akija tena nimsomee mwenyewe. Kijana wangu anamaliza mwaka huu. Sitakuwa naye wa kunisemea.

Mwenye kibanda cha fotokopi,
Wandegeya, Kampala